Mwaka wa Kwanza, Kitivo cha Maji

Barua ilikuwa na makosa mawili. Kwanza, ilimwita Msoma Mita "Mhandisi". Pili, ilimwomba azungumze mbele ya watu kwa dakika kumi, na yeye hajapata kuzungumza dakika kumi mfululizo tangu siku aliyokwenda kuposa, na hata siku hiyo shangazi yake ndiye aliyemmalizia.

Aliyekuwa akiisoma ni Kitinda, binti yake wa mwisho, mezani, chakula cha jioni kikipoa. Wiki mbili nyuma Kitinda alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha mji, wa kwanza kwao kuingia huko, upande wa baba na upande wa mama. Tangu siku hiyo wazazi wake walikuwa wakimpisha mlangoni na kumuuliza kila asubuhi kama amelala vizuri.

"Hebu rudia hapo," akasema baba yake.

"'Kwa kuwa wewe ni miongoni mwa wachache waliosoma katika chuo chetu tangu mwaka wake wa kwanza, katika Kitivo cha Uhandisi wa Maji, tunakuomba kwa heshima uje uwaelezee wanafunzi wapya historia ya chuo siku ya kuwakaribisha.' Halafu sahihi na mhuri." Kitinda akaiweka barua mezani. "Baba, wewe umesomea uhandisi lini?"

"Labda ni baba wa mtu mwingine."

"Namba yangu ya udahili iko hapa. Baba wa namba hii ni wewe."

Msoma Mita akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena, lakini barua haikubadilika. Alikuwa mwajiriwa wa idara ya maji ya mji. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kupita chuoni kila mwezi, jengo kwa jengo, akifunua vifuniko vya chuma na kuinama kusoma mita zilizokaa humo na mende wake. Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa meza na bakuli mkononi, na bakuli hilo hakuwa amelitua tangu barua ianze kusomwa.

"Mama," akasema Kitinda taratibu, "fomu yangu ulikwenda nayo wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilimkuta Kitinda kitandani, homa imempanda, hata kichwa hawezi kuinua. Mama yake akabeba vyeti kwenye mfuko wa plastiki hadi kwenye kibanda cha mchapaji, akapanga foleni, akajibu maswali kwa mdomo huku mchapaji akigonga kompyuta. Sasa Kitinda akaingia chumbani, akarudi na nakala ya fomu, akafungua ukurasa wa tatu. Je, mzazi wa mwombaji amepata kusoma katika chuo hiki? Ndiyo. Tangu lini? Tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Kitivo gani? Uhandisi wa Maji.

"Aliniuliza kama baba yako amesoma pale," akasema mama. "Nikamwambia amesoma. Tangu lini? Tangu kilipofunguliwa. Kitivo gani? Nikamwambia vyote. Akasema, vyote haiwezekani, mama, chagua kimoja. Nikamwambia basi andika Maji. Huo uhandisi kauongeza mwenyewe."

Msoma Mita akacheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, mabega yakawa yanamtikisika. Katika nyumba hiyo, kwa miaka yote hiyo, kusoma ndiyo ilikuwa kazi ya baba. Akitoka asubuhi, amekwenda kusoma. Akirudi suruali imelowa hadi magotini, leo amesoma mabweni. Jirani akimwulizia anaambiwa yuko chuoni, bado anasoma, na jirani anajibu kwamba kichwa cha mtu huyu lazima kiwe kigumu sana.

"Baba, usicheke." Kitinda alikuwa amefika ukurasa wa mwisho, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma mpaka apate matatizo. "'Mwombaji ambaye fomu yake ina taarifa za uongo atapoteza nafasi yake, wakati wowote uongo huo utakapogunduliwa.'"

Kicheko kikaisha.

"Waambie unaumwa," akasema Kitinda. "Hukwenda, hukuzungumza, basi, yameisha."

"Nitaumwa mpaka lini? Hapo wameandika wakati wowote. Utafika mwaka wa tatu, siku moja mtu atauliza, yule mhandisi amepona? Hapana. Kesho tunakwenda sote watatu, tunawaambia ukweli kabla hawajautafuta wenyewe."

"Ukweli upi, Baba? Kwamba mama yangu hajui maana ya neno kusoma?"

Lilimtoka tu. Mama akalitua bakuli mezani, akaondoka kwenda kuangalia jiko ambalo alishalizima.

Asubuhi yake mama alikuwa anapiga pasi shati la mumewe. Kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kupiga pasi katika duka la dobi, na shati likipita mikononi mwake hata mwenye nalo huogopa kulivaa. Msoma Mita alikaa kitandani na fulana yake, akisubiri.

"Baba watoto, nina neno. Lakini usinitazame."

"Natazama ukuta."

"Nilielewa."

"Ulielewa nini?"

"Swali la mchapaji. Nilielewa alichouliza." Pasi ikapita kwenye kola, ikarudi. "Mbele yangu alikuwepo mama mmoja, kavaa vizuri. Alipoulizwa akasema mume wake alisoma pale, sheria. Mchapaji akamvutia kiti kwa mguu, karibu mama, kaa. Ikafika zamu yangu. Hakuinua hata macho. Na kidole chake kilishafika kwenye Hapana. Hajamaliza kuuliza, kidole kiko kwenye Hapana, kinanisubiri."

Msoma Mita alisahau ahadi yake, akamtazama.

"Nikasema ndiyo," mkewe akaendelea. "Amesoma. Tangu kilipofunguliwa. Sikusema neno la uongo hata moja, lakini nilijua anaandika nini. Akanivutia kiti, nikakaa."

"Kiti chenyewe kilikuwaje?"

"Kibovu. Mguu mmoja mfupi."

Wakacheka wote wawili, kidogo, kwa chini ili Kitinda asisikie, kisha mkewe hakuweza kuendelea kucheka na machozi yakaanza kudondoka juu ya shati. Yalipodondoka aliyapitishia pasi, maana alikuwa mtu wa kazi. Msoma Mita akasimama, akaichukua pasi mkononi mwake, akaiweka pembeni. Alimpenda mwanamke huyu tangu kabla hajajua kusema hivyo, na hata sasa hakusema. Alimshika tu kiwiko, pale ambapo pasi ilimuunguza mwaka ule wa kwanza wa kazi.

Hakuwa mtu wa kupitwa na maneno, huyu mama. Shule aliiacha darasa la saba kwa sababu mama yake mzazi aliugua na nyumba ilitaka mtu, si kwa sababu kichwa kilikataa. Taarifa za kila mwezi za idara ya maji, zile zilizomfanya mkuu wa idara amsifu Msoma Mita kwa Kiswahili chake, alizinakili yeye kwa mwandiko uliolala kama nyasi za upepo, akisahihisha huku anaguna. Vitabu vya Kitinda alivisoma kabla ya Kitinda. Herufi za kwanza za mtoto huyo alimfundisha yeye, juu ya meza ya kupigia pasi, kwa chaki ya kuwekea alama nguo.

"Leo nitasema kila kitu," akasema. "Kosa ni langu, wanibebeshe mimi."

Msoma Mita akavaa shati likiwa bado la moto.

Langoni mlinzi mzee akamlaki kwa kelele. "Leo umekuja kusoma siku si yako!"

"Leo nimekuja kusomwa," akajibu Msoma Mita.

Lakini mlinzi wa pili alikuwa mgeni wa wiki moja, na bila ovaroli ya bluu Msoma Mita alikuwa mtu yeyote tu. Akamsukumia daftari la wageni. Kwa miaka thelathini na minne hajawahi kuandikwa kwenye daftari hilo. Akaandika, na kwenye sehemu ya sababu ya kuja kalamu ikasimama muda mrefu hadi waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa. Mkewe akainama, akamnong'oneza: "Andika 'mashauri'."

Ofisi ya udahili ilikuwa na zulia, na karani wa mlangoni aliwatazama viatu kabla ya kuwatazama nyuso. Aliwakalisha kwenye benchi la ukumbini. Wakakaa saa mbili kasoro. Watu waliokuja nyuma yao wakaingia, wakatoka. Kitinda alikunja na kukunjua ile barua mpaka mikunjo ikaanza kuchanika, ndipo mama yake alipomnyang'anya taratibu akaitia mkobani.

Afisa Udahili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kamba shingoni. Alipoiona barua alisimama kabisa na kunyoosha mikono yote miwili.

"Mhandisi! Karibu, karibu sana. Tumekutafuta, wenzako wengi wametangulia mbele ya haki. Mkuu wa chuo mwenyewe anataka kukuona."

"Mimi si mhandisi, bibi," akasema Msoma Mita. "Mimi ni msoma mita."

Afisa akabaki amesimama kitambo, mikono ikiwa haijui iende wapi. Kisha akakaa. Hakuwa na ubaya, alikaa tu, lakini wote watatu waliona jinsi alivyosimama kwa ajili ya mhandisi na jinsi alivyokaa kwa ajili ya msoma mita.

"Sasa fomu inasema umesoma hapa tangu mwaka wa kwanza."

"Nimesoma. Mita za maji. Nyumbani tumezoea kusema hivyo."

"Umesoma mita." Afisa akavua miwani. Alionekana kama mtu anayetaka kucheka na ofisi inamkataza. "Mwaka wa kwanza mita zilikuwa ngapi?"

Huenda aliuliza ili kumpima tu. Lakini swali hilo lilikuwa la kwanza, tangu barua ifike, ambalo Msoma Mita alikuwa na jibu lake, na akalijibu mpaka mwisho.

"Moja," akasema. "Hapa palikuwa kiwanda cha sabuni. Kilipofungwa, serikali ikapachukua, ikaweka masomo ya jioni kwa watu wenye kazi zao. Makarani, wauguzi, mafundi wa reli. Walikuwa sitini na wanne. Walikuwa wanafika saa kumi na moja na nguo za kazi, wanakalia masanduku ya sabuni, maana madawati hayajaja. Bomba lilikuwa lile lile la kiwanda, bibi. Ukifungua maji, yanatoka na povu. Mwaka mzima wanafunzi walikunywa povu. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa anasema chuo hiki kitatoa wasomi safi kuliko vyote."

Afisa alikuwa amevuta karatasi. "Endelea."

"Mwaka wa sita wakajenga bweni la wasichana, vitanda themanini. Mwezi wa tatu nikasoma mita, nikasema hapa bomba limepasuka ardhini, maji haya ni mengi mno. Tukachimba siku mbili. Bomba ni zima, halijapasuka. Kumbe mle ndani wamelala wasichana mia tatu. Wametoka mbali, mahali pa kukaa mjini hawana, wenzao wamewapokea, wanalala watatu watatu. Nilimwambia mlezi wao. Akaniambia, mzee, hizi namba ziandike upendavyo, lakini watoto hawa usinitolee."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika kilichokuwepo kwenye mita. Ila pembeni tuliandika, 'Usafi wa hali ya juu.'" Akamtupia mkewe jicho, sentensi ile ilikuwa ya mkewe. "Halafu kuna mwaka ule chuo kilifungwa miezi minane, wanafunzi walipogoma na wengine kufukuzwa. Mimi nilikuja kila mwezi. Mita zote zimesimama. Unafungua kifuniko, namba ni ile ile ya mwezi jana. Nilikuwa natembea chuo kizima peke yangu, nasikia viatu vyangu. Siku moja nikafika maktaba, nikakuta sindano ya mita inacheza. Kidogo tu. Nikamwambia mlinzi, kuna mtu ndani. Alikuwepo mtunza maktaba, kajifungia na ndoo na kitambaa, anafuta vumbi kwenye vitabu. Hana mshahara mwezi wa tano huo. Akasema wakirudi wasikute uchafu."

Kitinda alikuwa akimtazama baba yake kama vile amekaa naye miaka kumi na tisa bila kusalimiana. Afisa aliandika mpaka mstari wa mwisho, akaweka kalamu, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya kazi.

"Mzee, nimekuelewa. Na niwaambie jambo moja. Alama za binti zilimtosha. Kisanduku hiki cha mzazi hakikumsaidia hata nukta. Lakini kanuni haiangalii kama uongo ulisaidia, inaangalia kama ni uongo. Likiwa ni kosa la kutoelewana, nalisahihisha mimi mwenyewe, hapa hapa, kwa fomu moja. Ukiwa ni uongo, lazima niupeleke kwenye kamati, na kamati mimi sijaiona ikisamehe mtu." Akamgeukia mama. "Mama, aliyejibu ni wewe. Lile swali ulilielewa?"

Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuja na jibu lake, alilipanga njia nzima, lilikuwa fupi na la kweli.

"Hakuelewa," akasema Msoma Mita.

Alisema akitazama zulia. Kisha, kwa kuwa afisa alikuwa bado anasubiri, akaongeza: "Mke wangu hakusoma, bibi. Maneno mengine yanampita."

"Nahitaji kumsikia mwenyewe."

Mama akamtazama mumewe, ambaye hakuthubutu kuinua uso. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Katika pumzi mbili tatu, si zaidi, mama akaifunga kweli yake aliyokuja nayo.

"Sikuelewa, bibi," akasema. Hata sauti aliishusha na kuilegeza.

Afisa akafarijika waziwazi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliouma. Akaegemea mezani, akaanza kumweleza polepole, akitenganisha maneno. "Kusoma, mama, kuko kwa aina nyingi. Kuna kusoma kitu kilichoandikwa. Na kuna kusoma, yaani kwenda shule, kufundishwa na mwalimu darasani. Umeona tofauti?"

"Nimeona."

"Ukiulizwa siku nyingine, usione aibu kusema hujaelewa."

"Asante kwa kunieleza, bibi."

Fomu ya marekebisho ikaletwa. Ilikuwa na maelezo kwamba mtoa taarifa hakuelewa swali kutokana na kiwango chake cha elimu, na chini yake mstari. Afisa akasogeza kalamu, kisha akasita, akaona haya kwa niaba ya mgeni wake. "Au tulete wino? Unaweza kuweka dole gumba tu, haina shida."

Kitinda alijua mwandiko wa mama yake. Ndio huo huo alioanza nao maisha, ile k yenye mkia na ile s iliyosimama wima kuliko zote. Aliuona mkono wa mama ukielekea kwenye kalamu, kwa mazoea, halafu ukasimama na kurudi mapajani.

"Leteni wino," akasema mama.

Ukumbini alifuta kidole kwa leso na mate, wino ukazidi kutapakaa. Msoma Mita alitembea hatua mbili nyuma yake.

"Nisamehe," akasema.

"Hapana, ulisema vizuri. Uliniwahi. Mimi ningeharibu."

"Mama," Kitinda akaita. "Kwa nini hukuweka sahihi?"

"Mwandiko wangu mzuri mno. Angenijua." Akaikunja leso upande wenye wino ukawa ndani. "Haya, twendeni. Nimeomba ruhusa ya nusu siku tu."

Siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya ukumbi mkubwa ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Wanafunzi wapya walipewa safu za mbele, wazazi walipelekwa juu kabisa nyuma, ambako jukwaa linaonekana dogo na spika zinaunguruma. Msoma Mita hakuombwa tena kuzungumza. Kadi aliyoletewa iliandikwa "Mzazi", na aliifurahia, maana ilikuwa kweli tupu.

Mkuu wa chuo alikuwa msemaji hodari. Alianza kwa kuwauliza wanafunzi kama wanajua wamekalia nini, wakasema viti, akawaambia hapana, mmekalia kiwanda cha sabuni. Ukumbi ukamcheka na kumpenda papo hapo. Akawaeleza wale sitini na wanne wa kwanza, nguo zao za kazi, masanduku waliyokalia. Akawaeleza maji ya povu.

"Hiyo yangu," Msoma Mita akanong'ona, akimgusa mkewe kwa kiwiko.

"Nyamaza tusikie."

Akaeleza bweni la vitanda themanini, na wasichana waliokaa mbele wakapiga vigelegele. Alipofika kwa mtunza maktaba na ndoo yake, mzee mmoja karibu na Msoma Mita akatoa leso. Jina la aliyeyasimulia halikutajwa. Msoma Mita hakujali, au alijali kidogo sana. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akisikiliza miaka yake ikisemwa kwa kipaza sauti.

"Na mjue chuo hiki ni cha kila mtu," akaendelea mkuu, akiwa sasa amenogewa. "Mwaka huu tulipata fomu moja, mzazi kajaza kwamba amesoma hapa tangu mwaka wa kwanza. Uhandisi wa Maji! Tukamwita kwa heshima zote. Kumbe bwana, alikuwa anasoma mita!"

Ukumbi ukalipuka.

"Subirini. Aliyejaza ni mama wa mtoto. Mama wa watu, hakusoma. Kaulizwa, mumeo amesoma? Kajibu, ee, kila mwezi!"

Watu elfu moja na mia kadhaa walicheka kwa pamoja. Walicheka bila ubaya, kama watu wanavyocheka siku njema, wakipigana mabega. Uso wa Msoma Mita ulikauka. Alitaka kusimama, hakujua akisimama atasema nini, na mkono wa mkewe ulishamshika paja na kumbana chini.

Yeye mama alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti kama wengine, akitikisa kichwa, akamgeukia hata jirani yake wa kulia na kusema, "Jamani, watu wana mambo!" Hakutaka mtu yeyote atazame huku na kule akitafuta ni nani. Kulikuwa na safu ishirini kati yake na binti yake, na miaka minne mbele ya binti huyo, na hakutaka aipite akiitwa mtoto wa yule mama.

Kule mbele, msichana aliyekaa na Kitinda alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Hebu fikiria mama kama huyo," akasema. "Mimi ningejificha wapi?"

Kitinda akasimama.

Ilibidi watu saba wavute magoti ili apite. Mmoja akamwambia kwa ukali kwamba mkuu bado anaongea. Akafika kwenye ngazi, akaanza kupanda, akiruka miguu ya waliokaa humo, na kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa akitembea katika ukumbi mzima, vichwa vikaanza kugeuka safu kwa safu. Mama alimwona alipofika katikati. Akaacha kucheka. Akamtikisia kichwa mara moja, kisha tena kwa nguvu, na kwa mkono uliofichwa chini ya mkoba akamwashiria: rudi.

Kitinda akaendelea kupanda. Alipofika safu yao hapakuwa na nafasi. Mzee mwenye leso akamtazama yeye, akamtazama mama, akaelewa, akasogea pasipo kuambiwa. Kitinda akajipenyeza katikati ya wazazi wake, akakaa, akaushika mkono wa mama yake mbele ya watu wote waliogeuka.

"Rudi kwenye kiti chako," mama akanong'ona bila kufungua midomo. "Watu watajua."

"Wajue," akasema Kitinda.